Umemaliza riwaya tamu? Hivi ndivyo utaielezea wenzako bila kuwaharibia utamu

Kuna mtu akimaliza riwaya tamu hawezi kulala, lazima apigie mtu simu. Hiyo ni sawa kabisa, hata mimi niko hivyo, shida inaanza akifungua mdomo, anakusimulia kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka nani alikufa na nani alioa nani, nusu saa imeenda, halafu ukimuuliza sasa wewe binafsi ulipenda nini hapo anakwambia "aah, ni poa tu, kisome utaona." Nisome nini sasa na umeshanimalizia yote?

Huku Kisumu tuko na kikundi cha wasomaji wa kawaida tu. Kuna mwalimu mstaafu, kuna dada wa duka la M-Pesa, kuna jamaa wa boda anayesoma akingoja abiria, kuna mzee mmoja tunamuita jaduong' juu ndiye mkubwa wetu. Tunakutana Jumamosi jioni na kila mtu anasema ni riwaya gani amesoma majuzi ikamkolea. Hakuna mchango, hakuna chairman, hakuna minitsi. Haya hapa chini ndiyo tunafuata na unaweza kuyafuata hata kama ni wewe na shemeji yako wawili tu pale Nakuru.

Hatua ya 1: Soma ukiwa na kitu cha kuwekea alama

Ukisoma bila kuweka alama, baada ya wiki moja utabaki unakumbuka mwisho peke yake, na mwisho ndio kitu pekee hupaswi kusema! Kwa hivyo chukua karatasi yoyote, risiti ya supermaketi inatosha, ichomeke mahali ulicheka au ulikasirika. Kama uko na simu andika namba ya ukurasa na maneno mawili matatu, kitu kama "uk. 61, mama mkwe, nilicheka." Usiandike insha. Ukianza kuandika sana unaacha kusoma unakuwa karani. Na tafadhali, kama kitabu ni cha maktaba usikunje pembe za kurasa na usipige mistari na biro, kuna mwingine anakingoja.

Alama zikizidi kumi chagua tatu. Hizo tatu ndizo utaenda nazo kwa wenzako.

Hatua ya 2: Kaa nayo siku moja mbili kabla hujaongea

Ukitoka kumaliza saa hiyo hiyo kila kitu ni "moto sana" na "sijawahi ona kitabu kama hii." Lala kwanza. Ile sehemu itakurudia ukiosha vyombo ama ukiwa kwa foleni ya benki ndiyo ya kuongelea.

Hatua ya 3: Tafuta watu na mahali

Watu watano hadi wanane wanatosha, wakizidi hapo wengine hawaongei kabisa na wengine hawanyamazi. Mahali pawe na kivuli na pasiwe na spika. Kisumu uwanja wa Jomo Kenyatta unafanya kazi vizuri jioni, Nakuru kuna Nyayo Gardens, Kakamega kuna Muliro Gardens lakini huko mvua ya mchana haiulizi mtu kwa hivyo pangeni asubuhi. Dunga, pale ufuoni mwa ziwa Kisumu, ni pazuri kwa macho ila sikushauri, samaki ikishafika mezani hakuna mtu ataongea juu ya riwaya tena.

Hatua ya 4: Acha lugha ya mtihani nyumbani

Hapa nitakaa kidogo juu ndipo wengi tunaharibu. Sisi tuliopitia shule za Kenya tulifunzwa kuongea juu ya riwaya kwa njia moja tu, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, "eleza muktadha wa dondoo hili" alama nne. Ilitusaidia KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na siidharau, lakini mtu akikaa chini ya mti jioni aanze na "mwandishi ameangazia maudhui ya ukoloni, mapenzi na nafasi ya mwanamke katika jamii" utaona kila mtu anatoa simu mfukoni. Hayo maneno ukiyasema juu ya karibu kila riwaya ya Afrika Mashariki yatakuwa ya kweli, ndiyo maana hayamsaidii mtu kuchagua kitabu. Mtu anataka kujua hii inatofautianaje na ile ingine.

Badala yake jiulize haya, na ujibu moja au mawili tu. Ni wapi ulishindwa kukiweka chini? Ni nani ndani ya hiyo stori alikukasirisha mpaka ukaongea peke yako kwa matatu watu wakakuangalia? Ni mahali gani ulirudia kusoma mara ya pili, si ati hukuelewa, ni utamu? Kuna kitu ulikuwa unaamini ukiingia na ukatoka huna uhakika nacho tena?

Mwalimu wetu ndiye ilimkuwia ngumu, amesahihisha insha maisha yake yote, kuna Jumamosi alianza na "kwanza kabisa tuangalie ploti" na dada wa M-Pesa akamkatiza polepole, "Mwalimu, na heshima zote, leo usitufunze, tuambie tu kama ulilia." Mwalimu akacheka sana, akasema ndio nililia, na akafungua mahali alipolilia akatusomea. Kitabu chake kiligombaniwa jioni hiyo.

Ingine ndogo ambayo imetusaidia: rudia riwaya moja uliyochukia shuleni kama setibuku. Ulikuwa unaisoma ukitafuta alama, sahii hakuna anayekuuliza dondoo. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka 1996 na watu wengi wa rika langu waliikariri kuliko kuisoma. Jamaa wa boda ameirudia ukubwani na anasema safari ya yule kijana anayeitwa Kongowea, kutoka Tanga kuja Kenya kutafuta babake sasa inamuuma kwa njia ingine juu na yeye ni baba.

Hatua ya 5: Jua mahali pa kukata stori

Usimwage mtama kwenye kuku wengi. Sheria yetu ni rahisi: unaruhusiwa kusema ni nani, yuko wapi, anataka nini na ni nini kinamzuia pale mwanzoni. Ukifika hapo funga mdomo. Kwa riwaya nyingi hiyo ni kama robo ya kwanza ya kitabu, na kama jambo limeandikwa kwa jalada la nyuma basi si siri.

Acha nionyeshe na kitabu ambacho wengi walishakisoma ili nisimharibie mtu, The River and the Source ya Margaret Ogola, aliyekuwa daktari wa watoto, kilitoka 1994. Kuna mtu atakielezea hivi: Akoko anazaliwa, anaolewa, mumewe anakufa, shemeji analeta shida, halafu yeye anafanya hivi, mtoto wake anafanya vile, mjukuu anaolewa na fulani, mpaka mwisho. Hiyo ni orodha ya matanga na harusi. Umesikia yote na hujaonja kitu.

Sasa sikia ya pili. "Kuna binti wa chifu huko Yimbo, zamani kabla mzungu hajashika nchi sawasawa, babake anampenda mpaka siku ya mahari anataja ng'ombe 30 na watu wanabaki mdomo wazi. Kutoka kwa huyo mama stori inashuka kwa binti, kwa wajukuu, kwa vitukuu, vizazi vinne. Kuna mahali anafunga safari ya kuja Kisumu hii yetu kushtaki kwa serikali ya wazungu juu ya mali na ukoo, na mimi napita barabara za hapa kila siku sikuwa nimewahi kufikiria mwanamke wa wakati huo akitembea hivyo kutafuta haki. Alifaulu? Soma."

Umeona? Ya pili ina mambo machache kuliko ya kwanza lakini msikilizaji ameshapata mtu mmoja wa kumfuata, amepata ng'ombe wa kuhesabu na swali la kwenda nalo nyumbani. Na msemaji mwenyewe yumo ndani.

Historia si kuspoili, hapa watu huwa wanaogopa bure. Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya 1986, inaanza 1956 wakati wa ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Paulina ana miaka 16 anashuka treni Nairobi kutoka huku kwetu na mumewe Martin amekuja kumpokea stesheni. Ukimwambia mtu nchi ilikuwa inapitia nini mwaka huo humharibii, unamsaidia aelewe kwa nini msichana anayepotea njia mjini yuko hatarini kuliko angekuwa leo. Kitakachompata huyo Paulina na ndoa yake ndicho cha kunyamazia.

Riwaya za upelelezi ndio ukaze mkanda kabisa. Huko hata usiseme "mwisho kuna kona moja kali sana," juu msomaji atasoma kitabu kizima akingoja hiyo kona, atashuku kila mtu mpaka mpishi, na ikifika haitampata. Sema tu ni nani ameuawa, nani anachunguza, na kama ilikunyima usingizi.

Na wale wamemaliza kitabu kimoja na wanakufa kuongea juu ya mwisho? Hao wanabaki nyuma dakika kumi wengine wakienda kununua njugu. Sisi hiyo ndiyo imeokoa urafiki.

Hatua ya 6: Wasomee kidogo

Hakuna maelezo yako yatashinda mwandishi mwenyewe. Chagua nusu ukurasa, si zaidi, mahali ambapo watu wawili wanaongea, na ujaribu kuisoma kwa sauti nyumbani mara moja ndio usikwame mbele za watu. Maelezo marefu ya mandhari hayasomeki vizuri kwa sauti, watu wanasinzia. Malumbano yanasomeka.

Hii inasaidia zaidi riwaya ikiwa na lugha ya kwingine. Sisi wa huku bara Kiswahili cha Unguja kinatupiga chenga kurasa za mwanzo, wengi wanafungua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) wanakutana na maneno ambayo hata mwalimu anakuna kichwa na wanaifunga. Lakini mtu akikusomea kwa sauti maneno yanajieleza yenyewe, unamsikia Yasmin, binti wa Kihindi ameozwa mzee wa kumzaa, unasikia kabisa venye hamtaki. Waambie wenzako ukweli, mwanzo utakuwa mzito, usikimbilie kamusi kwa kila neno, songa mbele na sikio litazoea.

Kama ni tafsiri sema ulisoma ipi. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, na tangu 2022 iko kwa Kiswahili kama Peponi, mwaka mmoja baada ya yeye kupewa Nobel. Kwetu mmoja alisoma ya Kiingereza na mwingine ya Kiswahili na walikuwa wanaongea kama walisoma vitabu viwili. Yule wa Kiswahili alisema Yusuf, yule kijana wa hiyo stori, anasikika kama mtoto wa jirani, yule wa Kiingereza alimuona mbali kidogo. Mimi naegemea upande wa Kiswahili kwa hiyo, lakini nilizoea Gurnah wa Kiingereza kwanza kwa hivyo sina haki ya kubisha sana.

Hatua ya 7: Taja na pale ulipochoka

Ukisifu tu watu hawakuamini. Sema katikati inalegea, ama majina ni mengi mpaka ukachora ukoo kwa karatasi, ama mapenzi yao hukuyaamini. Sentensi moja inatosha, wenzako watajua wavumilie wapi.

Hatua ya 8: Sema inamfaa nani

"Kila mtu lazima asome hii" ni maneno matupu. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku anataka sura fupi za kusoma akiwa kwa matatu, hawezi na riwaya ya kurasa mia nne ambayo ukiacha siku mbili umesahau nani ni nani. Jaduong' anataka chapa kubwa, na usimpe kitu cha kusoma kwa simu. Kijana wa chuo ataisoma kama inaenda mbio. Mwambie mtu mmoja kwa jina, "wewe hii itakufaa kwa sababu ile siku ulisema unapenda stori za soko."

Hapo hapo kuna kitu watu hawafikirii. Mtu amefiwa juzi na unampa riwaya ambayo mtoto anakufa katikati, bila kumwambia, juu hutaki kuspoili. Hapana bana. Onyo linawezekana bila kutoboa siri, unasema "ndani kuna msiba mzito, ukitaka kujua ni wa aina gani niulize pembeni." Atakayetaka atauliza, na atakayenyamaza amechagua mwenyewe. Hivyo hivyo kwa ubakaji, kujiua, na vita vya uchaguzi, na huku Nakuru na Kisumu hiyo ya mwisho si stori ya mbali, kuna watu 2007 wanaikumbuka kwa majina ya jirani.

Hatua ya 9: Mkibishana, bishaneni juu ya ukurasa

Ubishi ndio utamu lakini uwe na kitabu mkononi. Mtu akisema mhusika fulani ni mjinga, muulize wapi, afungue. Mara nyingi akifungua anakuta alikumbuka vibaya ama anakuta wewe ndiye umekosa, na kelele zinaisha. Bila kitabu mtajikuta mnabishana juu ya wake za watu.

Mkubwa akikosea kuna njia ya kumwambia. Huku kwetu huwezi kumwambia mzee "hapana, hujaelewa." Unasema "Jaduong', mimi niliisoma tofauti kidogo, naomba nionyeshe ukurasa," na akitoboa mwisho unamshika tu mkono, "Jaduong', hapo shukisha kwanza, huyu binti hajafika." Kijana kwa kijana mambo ni rahisi, "omera (yaani ndugu yangu), unatuspoilia" imetosha. Na mtu akikipenda kitabu ambacho wewe hukuweza kumaliza, mwachie raha yake. Uliza tu aliona nini ambacho wewe ulipita.

Hatua ya 10: Kitabu kizunguke

Maneno bila kitabu yanaishia hapo hapo uwanjani. Atakayekitaka atoke nacho siku hiyo hiyo. Nunueni daftari ya shule, muandike jina la kitabu, mwenye kitabu, aliyechukua, tarehe. Andika jina lako ndani ya jalada kwa biro, penseli inafutika (na watu wanafuta). Kama hakuna nakala, maktaba ya umma iko Kisumu, iko Nakuru, iko Kakamega, anzeni huko kabla hamjasema vitabu ni ghali, na wale wa vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya barabara huwa na riwaya nzuri zimefichwa chini ya vitabu vya hesabu, chambua mpaka chini.

Zile pidiefu za kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa sisi tulikataa zisiingie. Mwandishi wa Kenya hapati hata ndururu hapo, na picha zenyewe kila mara zinakosa ukurasa mmoja, na ni ule ulikuwa unaungoja.

Kwa wale wako mbali, mtumie noti ya sauti, dakika mbili basi, ikizidi hapo anakuekea tiki na hasikilizi. Anza na jina la kitabu na la mwandishi kabla ya kitu kingine chochote, juu wengi wanasahau na inabidi mtu akuulize tena na bando imeisha. Akisema anakitaka, kitume na matatu. Kisumu hadi Nakuru kinafika siku hiyo hiyo ukikipeleka ofisi ya mizigo asubuhi. Kifunge kwa kitu kisichopitisha maji ndani na gazeti juu, mvua ya Kericho haijui kama ni riwaya, andika jina na namba ya simu ya mwenye kupokea pande zote mbili, chukua risiti uipige picha umtumie, na ulipie kabisa huku ili mwenzako asiambiwe steji kwamba mzigo haujalipiwa.